Neno Moja ni Kipimo cha Nani? Historia ya Kupima Urefu wa Maandishi

Ikiwa unajifunza Kiswahili, bila shaka umewahi kuagizwa uandike insha ya maneno mia mbili, mia tatu au mia nne. Ukishamaliza, unainakili insha yako, unaibandika katika mojawapo ya programu za kuhesabu maneno zilizojaa kwenye intaneti, na kufumba na kufumbua unapewa tarakimu. Ukipungukiwa, unaongeza, ukizidisha, unakata. Ni nadra mtu kuibishia tarakimu hiyo. Mashine haimjui mwandishi, haina ndugu wala jirani, kwa hiyo tunaiona kuwa hakimu wa haki.

Hebu ipe mashine hiyo sentensi hii: Sikumwona. Itakujibu kwamba umeandika neno moja. Mwingereza akitaka kusema jambo lilelile bila kufupisha, atatumia maneno matano, na Mfaransa vivyo hivyo. Wewe umetaja mtenda, umekanusha, umeonyesha wakati, umemtaja mtendwa na kitendo chenyewe, yote hayo ndani ya herufi tisa, nawe ukahesabiwa moja. Je, umeandika kidogo kuliko Mwingereza? Au kipimo kilichotumika hakikutengenezwa kwa kukufikiria wewe?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini limewahi kugusa mishahara ya waandishi, ada za simu, vitabu vitakatifu na mitihani ya watoto wetu. Nataka tulifuate tangu mbali.

Wayunani na Warumi wa kale hawakuhesabu maneno walipotaka kujua urefu wa kitabu. Walihesabu mistari. Mstari wa kipimo ulikuwa na urefu wa takriban ubeti mmoja wa tenzi za Homer, yaani kama silabi 15 au 16, na mwandishi wa kunakili alilipwa kwa idadi ya mistari ya namna hiyo, hata kama mistari yake halisi kwenye karatasi ilikuwa mifupi au mirefu zaidi. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, alipomaliza kitabu chake kikubwa juu ya mambo ya kale ya Wayahudi, aliwaarifu wasomaji wake kwamba kina juzuu 20 na mistari 60,000. Mwaka 301, kaisari Diocletian alitoa amri ya kudhibiti bei katika dola yote ya Kirumi, na ndani yake mna ujira wa waandishi: denari 25 kwa mistari 100 ya hati iliyo bora kabisa, denari 20 kwa hati ya daraja la pili, na denari 10 kwa mistari 100 ya yule aliyewaandikia watu maombi na hati za kisheria. Angalia ni nani aliyelipwa kidogo. Ni yule aliyemwandikia mwananchi malalamiko yake.

Kwa nini hawakuhesabu maneno? Sababu moja ni kwamba maneno hayakuonekana. Wayunani na Warumi kwa karne nyingi waliandika herufi zikifuatana bila nafasi, mpaka ukurasa ukawa kama ukuta. Msomaji aliyekuwa mwenyeji wa lugha aliyatenganisha maneno kwa sikio lake alipokuwa akisoma kwa sauti. Nafasi tunazoziacha leo kati ya neno na neno, ambazo ndizo mashine inazozihesabu, zilianza kuwa desturi thabiti katika Ulaya ya magharibi mikononi mwa watawa wa Ayalandi, kuanzia karne ya 7. Hao hawakuwa wenyeji wa Kilatini. Kilatini kwao kilikuwa lugha ya kujifunza kitabuni, kama Kiswahili kilivyo kwako, na ule ukuta wa herufi uliwashinda. Kwa hiyo, wewe unayejifunza lugha ya kigeni, nafasi hizo ni urithi ulioachiwa na wanafunzi wenzako.

Upande wa Waarabu hesabu ilikwenda mbali zaidi. Wasomi wa Kiislamu wa karne za mwanzo walihesabu aya, maneno na hata herufi za Kurani, ili pasiongezeke wala pasipungue kitu. Kwa hesabu ya wasomi wa Kufa, aya ni 6,236. Miji mingine ilikuwa na jumla tofauti kidogo, kwa kuwa hawakukubaliana kila mahali aya inakomea wapi. Kwa upande wa maneno, wasomi walitaja elfu sabini na saba na ushei, lakini huo ushei ukatofautiana kutoka kwa mtu hadi mtu. Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, alieleza chanzo cha tofauti hiyo: neno laweza kutazamwa kwa namna zaidi ya moja, kwa jinsi linavyotamkwa au kwa jinsi linavyoandikwa, na kila mhesabuji alichagua namna yake. Kiarabu huambatanisha kiunganishi na neno linalofuata, na huambatanisha kiwakilishi na neno linalotangulia. Je, kiunganishi hicho ni neno au ni kiungo cha neno? Watu wale walikuwa wakikiheshimu kitabu kimoja, wakiwa na maandishi yaleyale mbele yao, wala hapakuwa na mzembe kati yao. Waliachana kwenye maana ya neno "neno" tu.

Sasa tuje pwani yetu, kwa sababu hapa Waswahili walikuwa na kipimo chao wenyewe, tena kipimo kizuri, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaagiza insha ya maneno mia nne.

Washairi wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja hawakuhesabu maneno. Walihesabu mizani. Mizani ni silabi, yaani kila pigo la sauti linalotamkika peke yake. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, uliogawanyika vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja. Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika, aliziandika kanuni hizi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Lakini kanuni zenyewe zilikuwa zimekaa vinywani na masikioni muda mrefu kabla ya hapo. Shairi lililopotoka katika mizani au vina huitwa guni, na aliyetunga guni mbele ya mafundi wa pwani hakuhitaji mashine imwambie. Wasikilizaji walijua mara moja.

Nimetunga mishororo miwili ya kukufundishia tu, isiyo na nia ya ushairi. Wa kwanza ni huu: "Nimeuona mnazi, umeinamia maji." Wa pili ni huu: "Huyu ni mtu wa watu, na tena ni wa imani." Itamke polepole, ukigonga meza kwa kidole katika kila silabi, wala usisahau kwamba "m" ya mwanzo katika "mnazi" na katika "mtu" ni silabi kamili. Utapata mapigo 16 katika kila mshororo. Kwa sikio la mshairi, mishororo hiyo miwili ina urefu sawa kabisa, na mwimbaji atatumia pumzi ileile kuiimba. Iandike sasa katika programu ya kuhesabu maneno. Wa kwanza utaambiwa una maneno manne. Wa pili utaambiwa una maneno kumi.

Hapo ndipo utakapoona hoja yangu kwa macho yako. Kipimo cha mizani kilitengenezwa na watumiaji wa lugha wakiisikiliza lugha yao. Kinapima kile ambacho msemaji anakitoa na msikilizaji anakipokea. Kipimo cha neno kilitoka kwingine, na kilipofika kwetu kilikuja na biashara.

Biashara hiyo ilikuwa simu ya waya. Mwaka 1865 mataifa ya Ulaya yalikutana Paris na kuunda umoja wa kimataifa wa simu za maandishi. Walihitaji bei moja itakayoeleweka katika kila nchi, wakakubaliana kutoza kwa idadi ya maneno, na simu ya kawaida ikahesabiwa kuwa ya maneno 20. Mara watu wakagundua hila. Mjerumani aliweza kuunganisha maneno matatu yakawa moja, akalipia moja. Wafanyabiashara walianza kubuni maneno marefu ya ajabu yaliyobeba ujumbe mzima. Ikabidi makampuni yajilinde. Katika mkutano wa St. Petersburg wa mwaka 1875 uliwekwa ukomo: katika simu za ndani ya Ulaya, neno lisizidi herufi 15, katika simu za nje ya Ulaya, lisizidi herufi 10. Lililozidi lilihesabiwa tena.

Miaka minne baadaye, mwaka 1879, waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Zanzibar ikaunganishwa na London kwa mapigo ya umeme. Pwani iliupokea ugeni huo kwa neno lililokuwa tayari na asili ya Kiajemi, simu, ambalo kwao lilikuwa na maana ya uzi wa madini. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "kupiga simu" hata pasipokuwa na uzi wowote.

Sasa chukua kanuni ile ya herufi 10 uiweke juu ya Kiswahili. Hatutakuja: herufi 10, neno moja, salama. Hatutawaona: herufi 11, maneno mawili. Kosa la kitenzi hiki cha pili ni kwamba kimemtaja mtendwa ndani yake, jambo ambalo sarufi ya Kiswahili hulitaka. Atakapowaandikia, chenye herufi 16, hakikuweza kupita kama neno moja hata kwa kanuni ya Ulaya. Sitaki uniambie kwamba waliokaa St. Petersburg walikusudia kuwadhulumu Waswahili. Hawakuwa wakiwafikiria Waswahili hata kidogo, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kuliangalia. Walipanga kipimo kulingana na Kifaransa na Kiingereza, lugha za maneno mafupi yaliyoachana, wakakiita kipimo cha dunia. Kanuni hizo zilibadilishwa mara nyingi katika mikutano iliyofuata, lakini wazo kwamba neno ni bidhaa yenye bei lilibaki.

Lilibaki hata ofisini. Katika shule za wapiga chapa, kasi ya mwanafunzi ilipimwa kwa maneno kwa dakika. Kwa kuwa maneno hayalingani urefu, walimu wa kazi hiyo walikata shauri kwamba "neno" ni mapigo matano ya vitufe, nafasi ikiwa pigo mojawapo. Kwa hesabu hiyo, "sikumwona" pamoja na nafasi yake ni maneno mawili kamili. Kwangu mimi kipimo hicho kina uaminifu zaidi kuliko vingine vya kigeni, kwa sababu kinakiri waziwazi kwamba ni makubaliano.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mipaka ya neno la Kiswahili ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Kuna watu waliokaa na kuamua, na ukitazama majirani zetu utaona kwamba wangeweza kuamua vingine.

Tuchukue sentensi moja na tuipeleke safari: Ninawapenda, yaani mimi ninawapenda wao. Kwa Kiswahili ni neno moja. Vuka uingie Uganda: kwa Kiganda ni mbaagala, neno moja. Nenda Rwanda au Burundi: ndabakunda, neno moja. Ukienda Kongo na ukasema Lingala, utaandika nalingi bango, maneno mawili, kwa sababu Lingala humtaja mtendwa nje ya kitenzi. Shuka Zimbabwe: kwa Kishona ni ndinovada, neno moja. Kwa Kizulu ni ngiyabathanda, neno moja. Kisha fika Botswana. Kwa Kitswana utaandika ke a ba rata. Maneno manne.

Msemaji wa Kitswana hasemi kwa kukatakata. Kitswana na Kizulu ni ndugu, na viungo vya sentensi hizo mbili vimepangwa kwa utaratibu uleule: mtenda, wakati, mtendwa, kitendo. Tofauti iko kwenye karatasi. Wamisionari wa kwanza wa Kitswana, waliokuwa wakiandika tangu mwanzoni mwa karne ya 19 (Robert Moffat alichapisha Injili ya Luka mwaka 1830), walivisikia viambishi hivyo kwa masikio ya lugha zao, wakaviona kama viwakilishi vinavyostahili kusimama peke yao. Wengine waliandika Kizulu kwa kuviunganisha. Karne moja baadaye, Clement Doke wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alisisitiza kwamba katika lugha za Kibantu neno hutambulikana kwa mkazo, nao mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Penye mkazo mmoja mkuu pana neno moja. Ripoti yake ya mwaka 1931 juu ya kuziunganisha lahaja za Kishona ilipendekeza maandishi ya kuunganisha, na ndiyo maana ndinovada haikukatwa. Kitswana kilikuwa kimekwisha kuzoea njia yake, kikabaki nayo.

Jaribu kanuni ya Doke kwenye Kiswahili, itakufaa hata darasani. Tamka ninawapenda: sauti inapanda mara moja, kwenye "pe". Tamka mtoto wangu: inapanda mara mbili. Basi ni maneno mawili.

Kwa upande wetu, maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini yalipitia mikono ya Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kila mmoja alikuwa na tahajia yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kusawazisha tahajia kulikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Vitabu vya shule vilipaswa kuandikwa namna moja kutoka Kisumu hadi Lindi, ili mtoto akihama asianze upya. Kazi hiyo ilikuwa na faida, nami siidharau. Walakini ilifanywa chini ya serikali ya kikoloni, na wenyewe waliozaliwa na lugha hawakuwa na sauti kubwa mezani.

Mabaki ya uamuzi wa namna hiyo unayakuta kila siku. Tunaandika "kwa sababu" kwa maneno mawili, ingawa vijana wengi kwenye simu huandika moja. Tunaandika "mtoto wa mwalimu" kwa maneno matatu. Tunaunganisha "aliyekuja", lakini tunatenganisha "amba" ikishapata kiambishi chake: "ambaye alikuja". Maana ni ileile. Mwanafunzi mjanja aliyepungukiwa maneno katika insha anaweza kubadilisha kila "aliyekuja" kuwa "ambaye alikuja", na mashine itamzawadia neno la ziada kila mara. Walimu tunalijua hilo. Insha iliyojaa "ambaye", "ambazo" na "ambacho" hunukia mbali.

Mashine yenyewe ilizaliwa mwaka 1971. Katika toleo la kwanza la mfumo wa kompyuta wa Unix, uliotengenezwa kwenye maabara za Bell nchini Marekani, kulikuwa na programu ndogo iliyoitwa wc, kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuhesabu maneno. Ilisoma faili na kutoa idadi ya maneno na ya mistari. Neno kwa programu hiyo ni mfululizo wowote wa alama uliozungukwa na nafasi. Haina kamusi. Haijui sarufi. Andika "gggg" utahesabiwa neno. Andika "na/au" bila nafasi utahesabiwa neno moja. Programu nyingi unazozikuta leo kwenye intaneti zimevaa rangi nzuri na vitufe, lakini chini ya mavazi hayo zinafanya kazi ileile: zinatazama nafasi, zile nafasi za watawa wa Ayalandi.

Pengine utauliza: hata kama kipimo ni cha kigeni, kina madhara gani leo? Nitakupa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa mitihani. Kwa miaka mingi nchini Kenya, mtahiniwa wa kidato cha nne anapoandika insha ya Kiswahili huagizwa kwamba kila insha isipungue maneno 400, ilhali katika karatasi ya insha za Kiingereza huagizwa asizidi maneno 450. Lugha ambayo neno lake ni zito imewekewa sakafu. Lugha ambayo neno lake ni jepesi imewekewa dari. Silaumu mtu, kwa kuwa kila somo lina historia yake na watungaji wake. Lakini mtoto aliyejaza maneno 400 ya Kiswahili chenye vitenzi vilivyokomaa amebeba mzigo mkubwa kuliko tarakimu inavyosema, na sioni kwa nini karatasi mbili za mtahiniwa mmoja zisitazamwe pamoja.

Mfano wa pili ni wa wafasiri, na hapa nchi jirani zinahusika sana. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafiki kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya, pamoja na Kiingereza kilichokuwapo. Maana yake ni kwamba hati za sheria, biashara na forodha zinahitaji kutafsiriwa, na kazi ya tafsiri kwa kawaida hulipwa kwa neno. Neno la upande gani? La lugha inayotafsiriwa, au la lugha inayopokea?

Chukua kifungu cha kwanza cha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Kwa Kiingereza kifungu hicho kina maneno 30. Tafsiri ya Kiswahili inayotumika sana ina maneno 19. Hakuna haki iliyopunguzwa njiani. Maneno mawili ya mwisho ya Kiswahili, "watendeane kindugu", yamebeba yale ambayo Kiingereza kimeyatumia maneno tisa, tena kile kiambishi cha "-an-" kimeutia wajibu wa pande zote mbili ndani ya kitenzi chenyewe. Mfasiri aliyeipata njia hiyo fupi ametumia ustadi mkubwa. Akilipwa kwa maneno ya Kiswahili, atalipwa 19 kwa ustadi wake, wakati mwenzake anayesema maneno mengi kuliko haja atalipwa zaidi. Na mfasiri anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, akilipwa kwa maneno ya hati asilia, ataandika 30 alipwe 19. Ukiwahi kutia saini mkataba wa namna hiyo, sharti hilo lisomwe kabla ya bei. Wafasiri wengine hukwepa mtego kwa kutoza kwa ukurasa wenye idadi maalumu ya herufi. Hapo hesabu huwa karibu zaidi na jasho.

Lakini herufi nazo zina mambo yake. Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi ulipangwa uwe na herufi 160, kwa kutumia alfabeti ya herufi chache za Kilatini. Kiswahili kinaenea humo bila taabu. Jirani yetu wa Ethiopia anayeandika Kiamhari kwa hati yake ya kale hapati herufi 160. Kila herufi yake inachukua nafasi kubwa zaidi katika mtambo, na ujumbe wake mmoja unakoma kwenye 70. Kwa ujumbe wenye idadi ileile ya herufi, anaweza kulipa mara mbili au zaidi. Ada ya St. Petersburg imerudi kwa mlango wa nyuma.

Hata sisi tuna mlango mmoja ulio wazi, nao ni ng'. Ile alama ya juu katika "ng'ombe" na "ng'ambo", ikiandikwa wima, imo katika alfabeti ya herufi 160. Ikiandikwa imepinda, kama simu na kompyuta nyingine zinavyoipindisha zenyewe ili ipendeze, haimo; na ujumbe mzima unaweza kushuka hadi herufi 70 kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Baadhi ya programu za kuhesabu maneno nazo huikuta alama hiyo zikaidhania kuwa mpaka, zikakikata kichwa cha ng'ombe na kukihesabu peke yake. Ijaribu yako kabla hujaiamini: andika "ng'ombe wang'oa ng'ambo", maneno matatu, uone itakuambia mangapi.